Mtaro wa Warumi

Mimi nilikuwa mwoga tangu utotoni, na sioni haya kusema. Watu wa umri wangu wakikaa kukumbuka Hali ya Hatari, ile miaka ya vita vya msituni dhidi ya serikali ya mkoloni, kila mmoja alikuwa shujaa. Huyu alipeleka chakula msituni, yule alimjibu homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, mbele ya bunduki, na mwingine alilala chini ya kitanda cha chifu akisikiliza siri. Nikiwasikiliza hujiuliza ni nani basi waliokuwa wakitetemeka, maana mimi nakumbuka kijiji kizima kikitetemeka, na mimi nikiwa katikati. Basi waache na ushujaa wao. Mimi nitaeleza uoga wangu, na ulianza na vitabu viwili vya likizo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikilala bwenini katika shule moja ya misheni si mbali na mji wa Embu. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, mwenye sauti ya mafua mwaka mzima, ambaye aliwapenda watu wa kale kuliko wengi wa walio hai. Angeweza kutaja wafalme wa Misri mmoja baada ya mwingine bila kuangalia daftari, lakini mimi aliniita kwa jina la msichana mwingine hadi muhula wa tatu. Tulipokaribia kufunga shule mwezi wa Agosti, alimgawia kila msichana vitabu viwili kutoka kabati lake mwenyewe. Kimoja kilikuwa cha historia ya mataifa ya kale, chenye picha, na kingine kilikuwa riwaya ya zama hizo hizo. Tulitakiwa tuvisome vyote viwili, halafu tumsimulie mtu wa nyumbani riwaya ile kwa lugha ya kwetu. Nadhani aliona akilini mwake nyumba yenye kiti, taa na mama anayefuma sweta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajafika kwetu tu.

Nilisafiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Meru, aliyekuwa na ruhusa ya kupeleka chumvi na sabuni sokoni. Kwenye kizuizi cha barabara tuliteremshwa sote, na askari akafungua sanduku langu. Aliipita sare, akaupita mkate, akafika kwenye vitabu. Alikifungua kile cha picha, akakuta wanaume wenye mikuki na ngao wamepanga mistari, na uso wake ukabadilika. Akaniuliza hao ni akina nani. Nikasema ni Warumi. Akauliza wako wapi. Nikasema walikufa zamani. Akarudisha kitabu kwa vidole viwili na kuniambia nipande. Tulipofika sokoni Kianjokoma, nilikuwa bado nimelikalia sanduku.

Nyumbani hapakuwa tena pale nilipopaacha. Boma letu la mgongoni mwa kilima lilikuwa limechomwa, na watu wote wa mteremko ule walikuwa wamehamishwa wakajengeshwa kijiji kimoja karibu na msitu: nyumba za mviringo zimepangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, na kituo cha homugadi juu kabisa chenye mnara wa miti. Baba alikuwa mpishi Nairobi, akakamatwa katika msako na kupelekwa kizuizini, hatukujua wapi. Mama aliishi na mdogo wangu wa kike wa miaka minne katika nyumba ambayo bado ilinuka udongo mbichi. Jua likizama ilikuwa kafyu. Ukitoka nje, hata kwa haja, ungepigwa risasi, na homugadi walikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya kuta kusikiliza watu wanazungumza nini. Kwa hiyo tulilala mapema na tulilala kimya.

Mama alipoviona vitabu, hakuuliza vinasema nini. Hakujua kusoma. Alivifunika kwa leso yake upesi.

"Karatasi zinaua watu hapa," alisema. "Mwanamke wa mstari wa tatu walimkuta na bahasha tu. Bahasha ya duka. Mpaka leo hajarudi."

"Mama, ni vitabu vya mwalimu. Vya Kizungu."

"Homugadi anajua ni vya nani? Wewe ndiye utamsomea?"

Akavitia chini kabisa ya kapu la mtama. Nikamwahidi kwamba sitavitoa. Ahadi hiyo ilidumu siku moja na nusu, kwa sababu mbali na uoga nilikuwa na ugonjwa mwingine, wa kusoma, na ugonjwa huu ulikuwa na nguvu zaidi.

Nilisoma alfajiri, kabla ya filimbi ya kazi, nikiwa nimechuchumaa karibu na mlango ili nipate mwanga. Agosti kwetu ni mwezi wa baridi na manyunyu, ukungu unateremka kutoka mlimani hadi huoni nyumba ya jirani, na ukungu huo ulinificha. Nilitegemea kwamba mataifa ya kale yatanipumzisha. Watu wake walikuwa mbali, wamekufa, hawakuwa na kipande cha utambulisho wala kafyu. Lakini kila nilipofungua nilikuta jambo la kunitia hofu. Kule Misri watu walivuta mawe kwa kamba na mmoja alisimama na fimbo. Babeli kulikuwa na ukuta, na juu ya ukuta mlinzi. Nikafika Roma, nikakuta picha ya kambi ya jeshi: mnara wa miti, mtaro mrefu umezunguka kilima, na ndani ya mtaro vijiti vilivyochongwa ncha, vimesimama vikiwa vimeelekea juu.

Nilikifunga kitabu kile haraka. Mtaro ule niliujua. Mama yangu alikuwa anauchimba.

Kila asubuhi filimbi ilipopigwa, kila nyumba ilitoa mtu kwenda kuchimba mtaro kando ya msitu, ili watu wa msituni wasishuke kuchukua chakula na wanakijiji wasipande kuwapelekea. Wanaume walikuwa wachache, wengi wako kizuizini au juu kule, kwa hiyo mtaro ulichimbwa na wanawake. Walishuka ndani na majembe na sururu, wakapandisha udongo kwa karai, na nyuma yao wengine wakapanda mianzi iliyochongwa. Nami, kwa kuwa nilikuwa likizo, nilihesabiwa kuwa mikono ya ziada, nikapewa jembe.

Upande wetu tulikuwa Mama, mimi, na jirani yetu wa mlango wa pili. Nyumba yake na yetu zilitazamana, hatua kumi na mbili kati yazo. Nilizihesabu mara nyingi. Alikuwa mjane, mcheshi, mwenye mdomo wa kuchekesha hata mtu aliyefiwa, na ndiye aliyemlisha mdogo wangu siku ambazo Mama alichelewa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa kama miaka ishirini. Kwenye daftari la homugadi kijana huyo aliandikwa kuwa anakata mkonge upande wa Thika. Sote tulijua yuko msituni. Hakuna aliyewahi kulitamka, hata ndani ya nyumba, hata kwa kunong'ona, maana mama wa mtu wa msituni alikuwa haponi.

Riwaya ile ilihusu mchungaji wa kondoo katika nchi ya milima. Warumi walipokuja kuitwaa nchi, alikataa kulipa kodi ya mifugo, akapanda kilimani na watu wake, na Warumi wakakizunguka kilima kwa mtaro ili wawaue kwa njaa. Niliimaliza kwa siku nne. Kazi ya mwalimu ilikuwa bado: kumsimulia mtu. Jioni haikuwezekana, homugadi wakiwa nyuma ya ukuta. Basi siku moja, tukiwa ndani ya mtaro, ukungu umetufunika na homugadi wetu ameenda kuota moto, nikaanza kumsimulia Mama kwa Kiembu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilipaswa kujua. Kwetu ngano husimuliwa jioni, jua likishazama. Mchana hazisimuliwi. Tuliambiwa kwamba mtoto akisimulia ngano mchana, mbuzi wa baba yake watapotea malishoni, na nilimwona bibi mmoja akimfinya mjukuu wake mdomo kwa kosa hilo. Kinachosemwa mchana, watu wakiwa kazini, ni habari. Lakini mimi nilikuwa nimekaa bwenini miaka mitatu. Shuleni hadithi zilisomwa saa nne asubuhi, kengele ikilia, na nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa aina nyingine. Jambo la mbuzi niliona ni ushamba.

Mama alisikiliza bila kuinua kichwa. Jirani alisimamisha jembe. Nilieleza kilima, mtaro, vijiti vya ncha, na askari wanaokula mezani wakati watu wa juu wanachemsha ngozi. Nilisema mara mbili kwamba haya ni ya kitabuni, ya Warumi, zamani za kale. Jirani akaitikia kwa kichwa taratibu, akamtazama Mama, na wote wawili wakarudi kuchimba kwa bidii ya ajabu. Nilijisifu moyoni kwamba nimesimulia vizuri.

Kesho yake jirani alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Enhe, mwanangu. Hao watu wako wa kitabu wameamkaje?"

Nikaendelea. Nilifika pale mchungaji na watu wake wanapokata vichaka, wanavifunga matita, na asubuhi ya ukungu wanayatupa mtaroni kwenye kona ya mto, wanakanyaga juu yake na kuvuka bila mwiba kuwagusa. Wanawake wa upande wa pili walikuwa wamejisogeza karibu. Jirani aliuliza, sauti chini, akichimba:

"Na miongoni mwao, hakuna kijana?"

Kitabuni hakukuwa na kijana wa kutajwa. Lakini nilimtazama uso wake, nikataka kumpa kitu, na vilevile nilitaka kuendelea kusikilizwa. "Yupo," nikasema. "Kijana mmoja hodari. Mzima kabisa. Anapendwa na wote."

Akainama akashika jembe, akaimba kidogo puani. Sikujua nimefanya nini. Nilifikiri nimetunga vizuri tu.

Sura ya mwisho sikuisimulia. Katika sura hiyo Warumi wanarudi na jeshi kubwa, na hakuna anayebaki hai. Niliisoma nikalia, nikaamua kwamba hapa mtaroni hadithi itaishia kwenye kona ya mto.

Habari iliruka. Ndani ya siku mbili ilikuwa imepita mtaro mzima, toka kikundi hadi kikundi, na kila ilipopita iliwaacha Warumi nyuma kidogo. Ilipofika mwisho wa mtaro ilikuwa hivi: watu wa msituni wameshuka, wametupa matita kwenye kona ya mto, wamevuka wote, wanakuja. Homugadi walisikia. Mtaro wetu nao ulikuwa na kona ya mto, wakalala hapo siku tatu katika manyunyu wakilinda nyasi. Kuni zikapigwa marufuku. Mwanamke akionekana na tita mgongoni angekamatwa, na kijiji kizima kikanywa uji uliopikwa kwa majani makavu na mabua. Wengine walicheka chini kwa chini. Mimi nilipojua kwamba tita langu la Warumi ndilo lililozima mioto ya watu, nilimpa mdogo wangu uji wangu wote.

Mkuu wa homugadi alikuwa rika moja na baba yangu, walitahiriwa msimu mmoja. Alikuwa amemtumia Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita afisa wa Kizungu wa tarafa, ujumbe kwamba adui amevuka, na adui hakuonekana. Sasa alihitaji mtu wa kumwonyesha. Siku ya nne alishuka mtaroni mwenyewe saa sita mchana na watu wanne, akaanza mwisho wa mstari. Kila mwanamke aliulizwa, nani alikuambia? Kila mmoja alielekeza kidole kwa aliyefuata. Niliwaona wakija, kidole kwa kidole, na kadiri walivyokaribia ndivyo masikio yangu yalivyoziba. Walipofika kwa jirani, aliangalia chini na kunyamaza. Homugadi akainua kitako cha bunduki.

Mama akaweka jembe chini. "Mwacheni. Ni mimi."

"Wewe ulisikia wapi?"

"Nilisema ni mimi."

"Mke wa fulani," mkuu alimwambia, karibu kwa upole, "nani anashuka kukuletea habari?"

Mama akakaza leso yake. Walimpiga hapo hapo, mbele yangu, kisha wakampandisha kituoni. Alipopita karibu nami hakunitazama, na nilijua kwa nini. Nilibaki nimeshika jembe. Ningeweza kusema neno moja. Mdomo ulikuwa wangu, na nilijua kila kilichotokea, na sikusema.

Mwanamke aliyepatikana na habari za msituni hakurudishwa kijijini. Lori lilimchukua hadi kambi ya wanawake mbali, upande wa Nairobi, na hatukuwa tumeona hata mmoja aliyerudi. Bwana Shauri angekuja Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nzima sikutoka nje. Nilikaa karibu na kapu la mtama, mdogo wangu akiuliza Mama yuko wapi, nami nikimwambia anyamaze, nikimfinya hata, Mungu anisamehe. Nilifikiria kuchoma vitabu, lakini moshi ungeonekana. Nilifikiria kuvipeleka kituoni, na kila nilipofika mlangoni miguu ilikataa. Nikijitokeza, labda wangemwachia, labda wangetuchukua wote wawili na mtoto abaki peke yake. Hesabu hiyo niliirudia hadi jua likaelekea kuzama.

Jirani ndiye aliyekuja, na viazi vitamu ndani ya kanga, kafyu ikikaribia. Alimlisha mdogo wangu, kisha akakaa mbele yangu.

"Kesho lori linakuja," alisema. "Mama yako hatafungua mdomo. Unamjua."

"Naogopa."

"Sote tunaogopa. Una kile kitabu?"

"Ninacho."

"Basi kipeleke. Sema yote yalitoka humo." Akatabasamu, akanipiga goti kidogo. "Kitabu chako ni kizuri. Kinabeba chochote unachokitia."

Nikajaribu kumwambia. Nikasema, mama, hakuna nilichotia, hayo ni mambo ya kitabuni tu, ya Warumi, watu hao walikufa. Akanifunika mdomo kwa kiganja, kwa upendo, jinsi unavyomziba mtoto mwerevu anayetaka kusema mengi. Hakuamini hata kidogo. Kwake yeye hakukuwa na mtu ambaye angeweza kusimulia ngano mchana ndani ya mtaro, tena msichana aliyelelewa vizuri. Basi ilikuwa habari, na Warumi walikuwa kanga niliyoifunikia.

Asubuhi alinishika mkono akanipeleka hadi mbele ya kituo. Peke yangu nisingefika. Akaniachia kwenye daraja la mtaro wa kituo, nikavuka mbao juu ya vijiti vya ncha, riwaya ile kifuani.

Bwana Shauri alikuwa kijana, ngozi ya pua imebabuka, soksi hadi magotini. Mama alikuwa ameketi chini kivulini, mkono mmoja umevimba. Aliponiona alitikisa kichwa kwa nguvu, nirudi. Nilimpa Bwana Shauri kitabu kabla hajaniuliza chochote.

Mkuu wa homugadi akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha kazini. "Hii mtoto ni ya huyu mama, bwana. Naona mama yake amemtuma na mambo ya uongo."

Bwana Shauri hakumsikiliza. Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza. Akacheka kidogo. Akaketi kwenye ngazi, akaendelea kusoma, akapindua ukurasa, akapindua tena. Sote tulisimama tukimngoja, homugadi na bunduki zao, mama yangu na mkono wake, na yeye akasoma kwa raha kama mtu aliye kwake. Sijawahi kuogopa kusoma kwa mtu kama nilivyoogopa kusoma kule.

"Mimi nasoma hii kitabu zamani," alisema hatimaye. "Wakati mimi iko mutoto. Wewe naambia mwanamuke yote hii habari?"

"Ndiyo, bwana."

"Iko matita? Kona ya mto?"

"Iko kitabuni, bwana."

Akamgeukia mkuu wa homugadi akacheka kwa sauti, na mkuu akatazama viatu vyake. Nikadhani tumepona. Kisha akanigeukia mimi.

"Na mwisho? Wewe naambia wao mwisho?"

"Bado, bwana."

"Kwa nini?"

Nikautazama mkono wa Mama uliovimba. Aligonga kitabu kwenye goti lake, akifikiri, na uso wake haukuwa tena wa mtoto aliyekuwa akisoma.

"Basi leo wewe taambia wao mwisho. Yote. Kama iko sawa, mama yako nakwenda nyumbani. Kama hapana, nakwenda na lori." Akamwelekeza mkuu anisikilize neno kwa neno, nisiache wala nisiongeze.

Filimbi ikapigwa, kijiji kizima kikakusanywa uwanjani mbele ya kituo. Nilipandishwa juu ya debe lililopinduliwa. Mkuu wa homugadi alisimama kulia kwangu. Nyuma yangu lori lilikuwa limewashwa, nasikia likinguruma, na Mama alikuwa amesimamishwa kando ya mlango wa nyuma wa lori. Ilikuwa kama saa nne, ukungu umeinuka, jua jeupe likitupiga sote usoni.

Nikasema kwa Kiembu, "Hii ni hadithi ya zamani, ya Warumi." Wanawake wakaitikia kwa vichwa, taratibu, kama walivyoitikia mtaroni. Niliiona ile ishara na safari hii niliielewa. Nikarudia kwa sauti zaidi, ni kitabu, ni kitabu cha shule. Wakaitikia tena. Mkuu akaniambia niendelee.

Nikawaambia mwisho. Nilisema kwamba askari walirudi wengi kuliko nyasi, wakawakuta watu wa mlimani kwenye bonde la pili, wamechoka, hawana chakula. Nilisema mchungaji aliuawa kwanza. Nilisema waliobaki walitupa silaha chini wakaomba, na hawakusikilizwa. Sauti yangu ilikuwa inakauka, nikatazama kule lori lilipo, nikaendelea. Nilisema miili iliwekwa kando ya njia ili watu wa bondeni waione. Nilisema hakubaki hata wa kurudisha habari.

Hakuna aliyepiga kelele. Kilio kimoja kilianza nyuma, kikakatwa mara moja na mkono wa mtu. Wanawake wale walisimama wakinitazama juani, na nikawaona wakipokea nilichosema, mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wake.

Bwana Shauri akasema vizuri sana, akawaambia warudi kazini. Watu wakaanza kutawanyika. Jirani hakutawanyika. Alikuja hadi kwenye debe, akasimama chini yangu, akiwa amejifunga kanga yake vizuri na kupanga uso wake ili homugadi wasione kitu.

"Wote?" akaniuliza.

Mkuu alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, ananiangalia mdomo. Nikitaka kumwambia kwamba mwanawe hayumo katika hadithi hii, nitakuwa nimewaambia homugadi kwamba mwanawe yuko msituni. Nikisema kijana yule nilimtunga, nitakuwa nimekiri niliongeza, na lori lilikuwa bado linanguruma. Haya nayasema leo nikiwa nimekaa. Siku ile sikuyapima. Nilikuwa mtoto anayeogopa, na nilitaka mama yangu.

"Wote," nikasema.

"Na yule kijana?"

"Wote, mama."

Akashukuru. Alisema asante, jinsi mtu anavyomshukuru aliyebeba ujumbe mzito toka mbali. Kisha akachukua jembe lake akashuka mtaroni na wenzake.

Mama aliachiliwa dakika hiyo hiyo. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu hadi vidole vikaniuma, tukateremka nyumbani. Mdogo wangu alimrukia. Nilifurahi. Sitajifanya kwamba sikufurahi. Sijafurahi hivyo tena maishani, hata siku baba aliporudi.

Kesho yake alfajiri nilifungua mlango, na jirani alikuwa ameketi mbele ya mlango wake, akijinyoa kichwa kwa wembe bila maji. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mtoto hunyoa nywele zote. Homugadi wa zamu alipita akamuuliza kuna nini, naye akacheka kile kicheko chake, akasema ni chawa, nyumba hizi zimejaa chawa. Homugadi naye akacheka, akaendelea na njia yake. Yeye akainamisha kichwa akamalizia upande wa nyuma.

Likizo ilikuwa imebakiza siku nne. Katika siku hizo kulikuwa na ukungu asubuhi zote, na kuna saa homugadi walikuwa hawaonekani kabisa. Ningeweza kuvuka hatua zile kumi na mbili, nikamwambia sikioni kwamba mwanawe sikumwona, sikusikia habari zake, hakuna mtu yeyote aliyenipa habari zake. Kila asubuhi nilifika mlangoni. Kila asubuhi nilimwona na kichwa chake kile, akanipungia mkono, akaniuliza kama nimeamka salama. Nikamjibu nimeamka salama, nikarudi ndani.